MAMBO YA MIJI: Njia za Lamu na Shauri la Wenyeji

Neno "baraza" lina maana mbili katika Kiswahili. Ya kwanza ni lile jukwaa la mawe lililojengwa nje ya mlango wa nyumba ya pwani, ambapo jirani huketi na jirani wakati wa jioni, kahawa ikazunguka, na kila mtu akasema lake. Ya pili ni ule mkutano wa zamani ulioitishwa na Bwana D.C. au na chifu, watu wakaketi chini juani, na mkubwa akasimama akawasomea amri. Katika baraza la kwanza watu hushauriana. Katika la pili huarifiwa tu. Anayetaka kuipanga njia ya mji, iwe ya gari, ya punda au ya mashua, hana budi kuchagua kwanza ni baraza lipi atakaloketi.

Miji mingi ya Kenya ilizaliwa katika baraza la pili. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa mpaka Ziwa Nyanza, tangu 1896 hata 1901, stesheni ziliwekwa mahali palipoifaa reli, kisha miji ikaota kandokando yake. Ramani zikachorwa, Wazungu wakapewa mahali pao, Wahindi pao, na Waafrika pao, na kwa kawaida pa Waafrika palikuwa mbali na kazi. Mtu aliyetembea masafa marefu kuliko wote, asubuhi na jioni, ndiye ambaye hakuulizwa neno. Uhuru ulipopatikana 1963 bendera ilibadilika, lakini desturi ya kuchora kwanza na kuwaambia watu baadaye haikuondoka upesi. Hata leo si ajabu kuona stendi ya magari iliyojengwa kwa fedha nyingi mbali na soko, akina mama wakaendelea kushuka na vikapu vyao kando ya barabara kuu kama zamani, na stendi ikabaki mahali pa mbuzi kulala. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

SHERIA INASEMAJE

Tangu tarehe 27 Agosti 2010, siku Katiba mpya ya Kenya ilipotangazwa, kuwauliza watu si hisani tena bali ni wajibu. Kifungu cha 10 kinautaja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kinamfunga kila mtumishi wa Serikali. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Na hilo ni jambo kubwa, maana mtu asiyejua kinachokusudiwa hawezi kutoa shauri la maana. Tena Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi kaunti kazi ya uchukuzi wa mahali: barabara za kaunti, taa za njiani, maegesho ya magari, magari ya abiria, hata vivuko na bandari ndogo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inaagiza kwamba mipango ya kaunti isifanywe bila wananchi kushirikishwa.

Basi sheria ipo. Lakini sheria ni kama jahazi lililokwisha kuundwa. Halifiki popote bila nahodha na mabaharia. Ili mambo haya yaonekane wazi yafaa kutazama mji mmoja mdogo ambao habari zake za uchukuzi hazifanani na za mji mwingine wowote wa Kenya, nao ni Lamu.

MJI AMBAO BARABARA YAKE NI BAHARI

Lamu ni kisiwa. Msafiri atokaye bara huishia Mokowe, ambako barabara ya Garsen na Witu hufika ukingoni mwa maji. Atokaye Nairobi kwa ndege hushuka kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji. Wote wawili hawana budi kupanda boti. Vivyo hivyo mwenyeji wa Pate, Siyu, Faza au Kizingitini ajapo mjini kwa shughuli zake. Hospitali kubwa ya kaunti nayo iko kisiwani Lamu. Kwa hiyo mama mwenye uchungu wa uzazi aliye bara, au aliye katika visiwa vya kaskazini, hutegemea mashua kwanza na daktari baadaye. Mashua nazo hutegemea maji. Mkondo wa Mkanda, upitao kati ya Manda na bara, ni mwembamba na hauna kina kirefu. Bahari ikipwa, chombo hungoja. Nahodha azijuaye siku za bamvua na siku za maji mafu ana elimu ambayo haimo katika ramani ya ofisi yoyote.

Ndani ya mji wenyewe njia ni vichochoro. Nyumba za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko zimekaribiana hata jua la saa sita hupenya kwa shida, na njia kubwa, ile iitwayo na wenyeji Usita wa Mui, ni nyembamba kuliko barabara ya kijiji cha bara. Vichochoro hivyo vilifanywa kwa miguu ya watu na kwato za punda, wala gari halipiti. Punda ndiye lori la Lamu: hubeba mawe, mchanga, saruji na maji, shogi zikining'inia huku na huku. Mwaka 1987 chama kimoja cha Kiingereza cha kuwahurumia punda kilifungua hospitali yao mjini, na mpaka leo jambo hilo huwashangaza wageni. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuandika mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, na sababu zake zilikuwa hizi: majengo yake, na maisha ya watu wake yaliyodumu bila kukatika.

Lakini maisha hayasimami. Katika miaka ya karibuni pikipiki zimeingia kisiwani. Neno lenyewe "bodaboda" lilianzia upande wa Busia, ambako baiskeli zilivusha watu mpakani, nalo linatokana na neno la Kiingereza la mpaka. Sasa limefika hata kisiwa ambacho mpaka wake ni bahari. Kwa kijana asiye na kazi, pikipiki ni chakula. Kwa mgonjwa aliye Matondoni au Kipungani, vijiji vilivyo mbali na mji katika kisiwa hicho hicho, ni msaada mkubwa. Kwa bibi mzee atokaye mlangoni kwake kichochoroni, au kwa mtoto aendaye chuoni na msahafu wake, ni hatari isiyokuwapo zamani. Kwa mwenye punda ni mshindani. Na kwa kuta za kale ni mtikisiko na moshi. Watu hawa wote wana haki, na hakuna mmoja wao ambaye neno lake peke yake latosha kuwa mpango.

FUNZO LA BANDARI

Ni nini hutokea watu wasipoulizwa sawasawa? Lamu yenyewe imekwisha kutoa jibu, na jibu hilo limeandikwa katika vitabu vya mahakama.

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki wa Kenya, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana Lamu kuzindua mpango mkubwa wa bandari, reli, barabara na bomba la mafuta, mpango uitwao LAPSSET. Bandari ilikusudiwa kujengwa Kililana, upande wa bara, katika ghuba ya Manda. Faida zake zilielezwa kwa sauti kubwa: kazi, biashara, na njia mpya ya kwenda Sudan Kusini na Ethiopia. Hakuna mwenye akili aliyekataa kwamba kaskazini ya Kenya ilihitaji njia.

Lakini bandari ya meli kubwa hutaka maji marefu, na maji marefu hupatikana kwa kuchimba sakafu ya bahari. Mchanga na matope yakitibuliwa, matumbawe hufunikwa. Mikoko ikikatwa, mazalio ya samaki hupotea. Wavuvi wa Lamu wengi wana vyombo vidogo, visivyoweza kuvuka nje ya miamba kwenda bahari kuu. Mahali wanapoyajua samaki ni pale pale walipoonyeshwa na baba zao. Kufungiwa mahali hapo ni sawa na mkulima wa Nyeri kunyang'anywa shamba, ila tu shamba la bahari halina hati wala mawe ya mipaka.

Katika mwaka huo huo wa 2012 wenyeji walipeleka mashitaka Mahakama Kuu. Kesi ilichukua muda wa miaka sita. Tarehe 30 Aprili 2018 mahakama ilitoa hukumu: ilisema kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo wala hawakupewa habari za kutosha, kwamba haki yao ya mazingira safi ilivunjwa, na pia haki yao ya kudumisha utamaduni wao, tena kwamba haki ya uvuvi wa jadi ilidhurika. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamriwa walipwe shilingi bilioni 1.76. Fedha hizo zikigawanywa sawasawa, fungu la kila mmoja halifiki shilingi 400,000. Bandari ilijengwa, na gati lake la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021.

Msomaji apime mambo haya kwa utulivu. Bandari haikuzuiwa, wala wavuvi hawakuwa wameomba nchi isiendelee. Ila Serikali iliingia katika kesi ya miaka sita na deni la shilingi zaidi ya bilioni moja na nusu, na wavuvi wakapata hukumu baada ya maji kutibuliwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Lau wazee wa bahari wangeketi na mainjinia mapema, ramani ikiwa bado yaweza kufutwa kwa kifutio cha penseli, wangeweza kuonyesha mahali pa mazalio, majira ya pepo, njia za vyombo vidogo, na namna ya kumfidia mtu kabla hajaumia. Shauri la mwanzo ni la bei rahisi kuliko hukumu ya mwisho.

JINSI YA KUWAULIZA WATU

Basi mji mdogo utakao kupanga uchukuzi wake, uwe Lamu au mwingine, ufanyeje?

Jambo la kwanza ni kuhesabu kabla ya kuchora. Karani akae gatini tangu alfajiri mpaka usiku, siku ya kazi na siku ya Ijumaa, aandike ni watu wangapi wanaovuka, wanatoka wapi, wamebeba nini, na wamengoja kwa muda gani. Mwingine akae kwenye njia panda aandike waendao kwa miguu, punda, mikokoteni na pikipiki. Katika miji mingi midogo hesabu ya namna hii huonyesha kwamba waendao kwa miguu ndio wengi, hali karibu fedha zote za barabara huwafuata wenye magari. Hesabu isiyopendelea hunyamazisha wapiga kelele wa pande zote mbili.

Jambo la pili ni mahali na wakati wa kukutana. Mkutano uitwao saa nne ya asubuhi huwakosa wavuvi walio baharini, wenye punda walio kazini, na akina mama walio jikoni na sokoni. Tangazo lililobandikwa mlangoni pa ofisi, kwa Kiingereza, siku mbili kabla, ni tangazo la kutoroka watu. Lamu watu hukusanyika baada ya sala ya Isha. Basi na waendewe wakati huo, mtaa kwa mtaa, Mkomani na Langoni, kisha Shela, Matondoni na Kipungani, na visiwa vya kaskazini visisahauliwe, maana wao ndio watumiao boti zaidi. Wanawake wawekewe kikao chao wenyewe, kwa kuwa mambo ya ngazi za gati zenye utelezi, ya giza la vichochoroni, na ya kupanda mashua na mtoto mgongoni, hayatasemwa vizuri mbele ya umati wa wanaume. Walemavu na wazee waulizwe pia, kwani ngazi impitishayo kipofu salama itampitisha kila mtu.

Jambo la tatu ni namna ya kueleza. Ramani itandikwe mezani, watu waishike na kuichora. Mpango uandikwe kwa Kiswahili chepesi, pamoja na gharama zake, na jina la idara itakayolipa. Tena watu wasiletewe mpango mmoja tu na kuambiwa waseme ndiyo au siyo. Waletewe njia mbili tatu. Kwa mfano, katika jambo la pikipiki: je, zikatazwe kabisa katika mji wa mawe na kuruhusiwa nje yake? Au ziruhusiwe kwa saa fulani, kwa mgonjwa na kwa mzigo tu? Au kituo chao kiwekwe ukingoni mwa mji, mahali ambapo abiria wa vijijini atashuka, na mzigo wake upokewe na punda au hamali? Kila njia ina mtu itakayemfaidi na mtu itakayemuumiza. Vijana wa pikipiki wakae katika meza hiyo hiyo pamoja na wenye punda na wazee wa mtaa, kwa maana amri ambayo kijana hakushiriki kuifanya ataikwepa gizani, na askari watachoka kumfukuza.

Jambo la nne ni kujaribu. Njia yaweza kufungwa kwa pikipiki kwa muda wa miezi mitatu kwa kuweka mawe na kibao, bila kujenga kitu cha kudumu. Ikifaa, itadumishwa, isipofaa, mawe yataondolewa, wala hapana fedha nyingi iliyopotea.

Jambo la tano, nalo ndilo husahauliwa kuliko yote, ni kurudi na jibu. Watu hutoa maneno yao, karani huyaandika, kisha kimya. Mwaka ujao wakiitwa tena hawaji, na ofisi husema kwamba wananchi hawapendi maendeleo. Haki ni kurudi mtaani na karatasi isemayo: neno hili lilikubaliwa, na hili lilikataliwa, na sababu ni hizi. Mtu aliyekataliwa kwa sababu iliyo wazi hunung'unika siku moja. Aliyepuuzwa hunung'unika maisha yake yote, na huenda akaishia mahakamani.

MFANO WA NG'AMBO

Mtu asidhani kwamba mji wa vichochoro ni mji uliochelewa. Huko Hispania uko mji uitwao Pontevedra, wenye watu 80,000 hivi. Kabla ya 1999 katikati yake palijaa magari, moshi na makelele. Tangu mwaka ule halmashauri yake iliyaondoa magari katika sehemu kubwa ya mji wa kale, ikapanua njia za miguu, ikaacha nafasi kwa magari ya wagonjwa na ya kushushia bidhaa. Ikachapa hata ramani ya kumwonyesha mtu ni dakika ngapi atatembea kutoka mahali hadi mahali. Wenye maduka wengine waliogopa mwanzoni kwamba wanunuzi watatoweka. Hawakutoweka; mji ukasifiwa, na wageni kutoka nchi nyingi wakaja kuutazama. Miji ya Ulaya inatumia fedha nyingi kukipata kitu ambacho Lamu ilirithi bure, yaani njia ambayo mtoto aweza kucheza na mzee aweza kwenda msikitini bila kutazama nyuma. Atakayekitupa kitu hicho kwa haraka, wajukuu wake watakinunua kwa bei ghali.

Walakini urithi si sababu ya kumwacha mgonjwa afe ng'ambo ya maji. Mji unaotunza kuta zake na kusahau gati lake haujapanga kitu. Taa gatini, ngazi zilizo imara maji yakipwa na yakijaa, majaketi ya kuokolea maisha yanayotosha abiria wote wa boti, boti moja ya wagonjwa iliyo tayari usiku na nahodha wake akijulikana kwa jina: hayo si mambo ya kujivunia mbele ya wageni wakubwa, wala hayakatiwi utepe, lakini ndiyo mambo ambayo wenyeji wakiulizwa sawasawa huweza kuyataja kwanza.

WAJIBU WA MWANANCHI

Mwisho, si haki kuilaumu ofisi peke yake. Ziko desturi mbaya upande wa wananchi pia. Wako waendao mkutanoni kwa sababu ya posho na soda, wakapiga makofi kwa kila neno, kisha wakalalamika njiani wakirudi. Wako wanaotuma mtu mmoja awasemee kila kitu, na mtu huyo akasema ya tumbo lake. Wako wasiohudhuria kabisa, wakangoja mawe yamwagwe ndipo wapige kelele. Sheria imempa mwananchi mlango, lakini haiwezi kumwingiza ndani kwa mkono. Yampasa aulize karatasi za mpango kabla ya siku ya mkutano, aje na hesabu zake, aseme kwa adabu na kwa ukweli, na aandike mwenyewe yaliyoahidiwa pamoja na tarehe.

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Jahazi la Matondoni halikuelea kwa sababu fundi mmoja alipiga nyundo kwa nguvu, bali kwa sababu wakata mbao, mafundi, washona tanga na nahodha walisikilizana tangu mkuku ulipolazwa. Mpango wa njia za mji ni chombo cha namna hiyo hiyo. Ofisi itakayoondoka mezani ikaenda kuketi katika lile baraza la mawe, nje ya mlango wa mwenye nyumba, ikanywa kahawa yake na kumsikiliza, itarudi na mpango ambao watu watautunza kama mali yao.